Maneno Yasiyotamkika

Wakili Tehmina alijulikana katika jiji zima la Multan kwa kudai sheria ya kukufuru ifutwe, na tangu wakili mwenzake apigwe risasi kwa kudai hivyo hivyo hakumwamini mgeni yeyote. Alipoingia ofisini Inayat, mfyatua matofali Mkristo, akasema mdogo wake amekamatwa kwa kukufuru, wakili alitazama kwanza simu iliyochungulia mfukoni mwa mgeni huyo.

"Wanadai alisema nini?"

Inayat aliitupia jicho droo ya meza iliyokuwa wazi kidogo. "Dada wakili, nikiyarudia, si nami nitakuwa nimekufuru?"

"Nitamteteaje bila kuyajua?"

"Na mimi nitajuaje kama hunirekodi?"

Tehmina akaangua kicheko. "Ala! Kaka, mimi nilidhani wewe ndiye uliyetumwa kunirekodi!"

Simu zote mbili zikapelekwa nje kwa karani. Hata hivyo Inayat aligoma kutamka, wakili akaamua kuyasoma mwenyewe kwenye jalada la polisi. Alipolipata alishika kichwa, kwani polisi nao waliogopa na kuandika tu "maneno mabaya mno."

Akaenda nalo mahakamani hivyo hivyo.

"Mheshimiwa, kijana huyu amefungwa kwa maneno ambayo hakuna anayethubutu kuyataja."

Jaji aliwatazama wanaume wenye hasira waliojazana mlangoni wakitaka kijana anyongwe, kisha akatoa dhamana kwa sauti ndogo, kama mtu anayeficha siri.

Siku hiyo hiyo Inayat alimhamisha mdogo wake. Hakumwambia Tehmina wanakokwenda, naye Tehmina hakumuuliza.