Kope za Yokebedi

...na kwa nini ameacha kugonga, fundi wangu Nazzareno haachi kugonga patasi kwa mgeni yeyote, hata kadinali alipokuja, leo kanyamaza, maana yake wananong'ona, nami niko nyuma ya pazia na kitambaa kibichi mkononi, kulowesha udongo wa sanamu usipasuke, kazi ya kila asubuhi hapa Roma, lakini sikio limeshatangulia... "Tuambiane kiume, mzee," huyo Pruitt, wa gazeti la Boston, "mwanamke wa kimo kile apasue marumaru?"... kiume, ndivyo walivyomwanza Lavinia, mchongaji mwanamke mwenzangu, wakaandika kwamba anavaa jasho la mafundi wa Kitaliano, hata mwaka haukuisha akarudi Vermont kufundisha watoto kuchora maua, wakati wachongaji wanaume wote mji huu wanafinyanga udongo tu, fundi anachonga jiwe kwa kufuata vipimo, wao wanakunywa kahawa, na nani anawauliza, ndiyo maana nikaapa mbele ya wageni kwamba Yokebedi, mama yake Musa, nimemchonga mwenyewe hadi ukucha, Nazzareno akakohoa, kikohozi kile nimekipima miezi mitatu, kilikuwa vumbi au kicheko, na viatu vipya vile kapewa na nani, na gazeti... "Na kope hizi? Mama anatazama mwanawe akielea mtoni, halii, kope ndizo zinalia. Nazo ni zake?"... basi nimekwisha, maana si zangu, zangu hizi hapa za udongo, nzito, zimelala tu, yeye ndiye aliyeziinua jiweni siku nilipokuwa na homa, nikaona, nikakaa kimya, haya sema Nazzareno, sema uniue... "Za sinyora, bwana. Mimi napiga msasa na kufagia vumbi." "Kweli?" "Patasi tatu kanivunjia kwa kope hizo. Mkali huyo, usimwone mfupi"... wanacheka, na anaongopa kwa wepesi, kama mtu aliyezoea, kawaambia wangapi hivyo, na kwa wachongaji wangapi kabla yangu, Pruitt anasema ataandika hivyohivyo, nimeokoka, mbona sioni raha, naona haya, masikio yanawaka, miezi mitatu nimeogopa ataniibia jina, kumbe jina lililoibwa ni lake, hatua tatu tu hadi pazia, niseme kope ni za Nazzareno Bellucci, kisha nifunge virago nimfuate Lavinia... maji yanadondoka kiatuni, patasi imeanza tena kugonga, na mimi bado nimesimama.