Wageni wa Jioni

Wazo lilikuwa la Rinus, na kama mawazo yake mengi, lilikuwa na hesabu safi na busara haba. Arusi ya Merel ilikuwa inafanyika kwenye kasri la Rozenhorst, mbali kule karibu na mpaka wa Ujerumani, na yeye na mkewe walialikwa kuanzia saa mbili usiku. Sasa mtu gani mwenye akili timamu, alisema Rinus, aendeshe gari mwendo wote huo kwa ajili ya bia na vitonge vya nyama vya kukaanga? Waondoke asubuhi. Watembelee kasri, maana kadi zao za makumbusho zinawaingiza bure pale, wale mkate wao bustanini, jioni wabadilishe nguo ndani ya gari.

"Na tukikutana nao?" aliuliza Aleida, mkewe.

"Kina nani?"

"Maarusi, Rinus! Na kaka yangu, na wageni wote wa mchana!"

"Tutawasalimia. Salamu kitu gani?"

Huko Uholanzi arusi ina wageni wa aina mbili, na kila mtu anajijua ni wa aina gani. Wa mchana huiona ndoa ikifungwa, hula keki, hukaa mezani na wazee. Wa jioni huja sahani zikishaondolewa, wakawapa maarusi mkono, wakanywa, wakacheza, wakaenda zao. Ni majirani hao, na wenzako wa kazini. Hakuna anayeona haya kumwambia mtu kwamba yeye ni wa jioni, na anayeambiwa hatarajiwi kununa. Aleida mwenyewe amewahi kuwaalika watu jioni tu, na usingizi haukumpaa.

Lakini yeye hakuwa jirani. Alikuwa shangazi wa bibi arusi. Corine, mama yake Merel, alipougua, mtoto yule alikaa kwa Aleida majira mawili ya baridi. Ni Aleida aliyemngoja kwenye benchi la bwawa la kuogelea kila Jumatano, nywele zikimnuka dawa ya maji, mpaka mtoto akaweza kuogelea na nguo zake zote na viatu mguuni, kama mtihani wa huko unavyotaka, akapewa cheti. Mwaliko ulipofika, Aleida alisema kwenye simu, "Naelewa mwanangu, ukumbi ni mdogo," kisha akaenda kupiga pasi mashuka yasiyohitaji pasi. Moyoni alimtupia lawama wifi yake. Haya ni mambo ya Corine tu, alijiambia, Merel hawezi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi wakaenda. Aleida alitaka jambo moja tu siku hiyo: asionekane. Mtu aliyealikwa jioni akionekana mchana, watu watasema kaja kujipendekeza apewe kiti.

Mlangoni mwa kasri waliambiwa wavae makobazi ya kitambaa kizito juu ya viatu vyao ili wasiharibu sakafu, na kundi zima likaanza kuteleza vyumbani. Aliyewaongoza alikuwa mzee mstaafu wa kujitolea, mwenye sauti ya mtu aliyekosa wasikilizaji nyumbani. Kila boriti ilikuwa na habari yake. Na pale mzee alipotaka kupumzika, Rinus alimwuliza swali.

Ghorofani Aleida alichungulia dirishani, akajibanza kwenye pazia. Chini, ndani ya jumba la vioo, walikuwa wamekaa wageni wote wa mchana. Kaka yake Evert alikuwa na ua kifuani. Kulikuwa na vijana asiowajua kabisa, safu nzima ya vijana asiowajua, wamekaa mbele.

"Mama, usiegemee pazia, tafadhali," mzee alimwambia. "Lina miaka mia mbili."

"Rinus, tutoke."

"Bado vyumba vinne."

"Nimesema tutoke!"

"Tulia bwana, hatujaona hata jikoni."

Aleida akamwacha huko huko na boriti zake, akashuka ngazi, akatoka nje, akatembea mpaka kwenye benchi kando ya mtaro wa maji uliozunguka kasri. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Koti la mvua lilikuwa limemkaa kama gunia. Rinus alimfikia baadaye na kopo la chakula.

"Umetoka na makobazi yao," alisema.

"Waje wanifunge."

"Yai?"

Alitamani kulichukua lile yai alitupe majini, na Rinus alifuate. Miaka yote hiyo ya ndoa, na mume hajui kwamba kuna siku mtu hapewi yai. Lakini Rinus alikuwa ameshaanza kumenya lake, na mlango wa jumba la vioo ukafunguka. Msichana mmoja akaja mbio na kamera shingoni.

"Samahani mama, samahani baba, mnaweza kusogea nyuma ya ule mti? Kidogo tu. Mnaingia kwenye picha."

Aleida aliinuka mara moja, tena kwa furaha, kwani kujificha ndiko alikokutaka. Ila Rinus hakubanduka.

"Hili benchi ni la watu wote," alisema. "Na mimi nina yai mkononi."

"Rinus, nakuomba!"

"Shangazi?"

Merel alikuwa amesimama kwenye daraja, gauni kalikusanya mikononi. Akamwacha Jurre, bwana arusi, palepale, akaja akambusu Aleida mara tatu, huku na huku, kwa furaha isiyo na doa.

"Jamani! Mmekuja kutembelea kasri? Raha iliyoje! Mmeona jikoni? Jikoni ndipo penyewe."

"Tumeona boriti," alisema Aleida.

Alimtazama usoni mtoto yule akitafuta haya hata chembe, hakuiona. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Basi jioni tunacheza wote, eti?" Merel akamshika mkono, akateremsha sauti. "Na ahsante, Shangazi, kwa dhati. Bosi wa Jurre ilibidi awe wa mchana, na wale marafiki wa chuo, yaani tulibanwa hujui. Mama alitaka wewe uwe wa mchana, tukagombana. Nikamwambia, Shangazi Aleida mwachieni mimi, yeye siku zote anaelewa."

Kumbe hakuwa Corine. Neno lilelile la "naelewa" likamjia Aleida mdomoni, limezoea njia, na safari hii akalizuia.

"Sikuelewa, Merel."

"Nini?"

"Nilikwambia naelewa. Ulikuwa uongo. Imeniuma tangu siku ile mpaka leo."

Rinus aliacha kutafuna. Merel alitazama koti la mvua, akatazama makobazi, kama mtu anayemwona mgeni mlangoni kwake.

"Sasa... Shangazi, nifanyeje? Viti vyote vimeshapangwa."

"Usifanye kitu."

"Kwa hiyo jioni huji?"

"Nakuja. Saa mbili, kama ulivyonialika. Nitakupa mkono na nitacheza. Ila usiniambie tena kwamba mimi naelewa."

Msichana wa kamera akamwita Merel, mvua inazidi, na Merel akarudi darajani polepole, gauni likiburuta kwenye majani mabichi.

Aleida akaenda kusimama nyuma ya mti, kama alivyoombwa. Rinus akamfuata na kopo lake. Kutoka pale walimsikia msichana wa kamera akimwambia bibi arusi atabasamu, kisha akamwambia tena, kisha tena.