Bomba Moja la Jeli

...dakika tatu nyingine, mkono usichezecheze, shashi ikae palepale juu ya fizi iliyopasuliwa mpaka damu ikatike, ndivyo Elihuruma alivyojiambia huku kiuno kikimuuma kama cha mtu aliyepalilia kahawa tangu alfajiri, na saa ya ukutani ndiyo kwanza saa tisa mchana, wagonjwa sita wamepita, huyu wa saba ndiye hasa aliyestahili kumkuta na nguvu, angalau nguvu za kuamua... "Daktari, niifungue?" Ni Paskalina, nesi wake, amesimama kando ya friji ndogo na pakiti mkononi, na ndani ya pakiti bomba moja la jeli, moja tu, hakuna jingine Arusha nzima kwa kadiri anavyojua, asidi ya hayaluroniki, jina la kumchosha mtu taya, nayo yenyewe ute tu kama wa yai bichi, unaupaka chini ya fizi kabla ya kushona, unashika maji, unatuliza uvimbe, kidonda kinafunga mapema, si muujiza, Hans mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba si muujiza, Hans waliyesoma naye kozi fupi kule Ujerumani na ambaye alimtumia mabomba mawili kwa posta, na siku yalipofika Elihuruma alimweleza Paskalina kwamba kitu hiki hutengenezwa kwa ule upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo, Paskalina akacheka mpaka akakaa chini, kumbe kwetu kila Krismasi tunatupa dawa jalalani, daktari! Bomba la kwanza alipakwa meneja wa hoteli ya watalii. La pili alimwahidi Anaeli, mdogo wake wa kike, atakuja Alhamisi kutoka Maji ya Chai, lilikuwa jambo lililokwisha, halina mjadala... "Subiri kidogo," alisema, na sauti yake mwenyewe aliiona imechakaa.

Lakini fizi hii aliyoifungua ni mbaya kuliko picha ilivyoonyesha, mfupa umeliwa, meno mawili ya mbele yanacheza kama vigingi kwenye tope, na kinywa chenyewe ni cha Mwalimu Pudensiana, hicho ndicho kinachomchosha, si kiuno, Mwalimu Pudensiana, Mchaga wa Kibosho aliyepangiwa shule yao ya msingi miaka ile ambayo dawa ya meno ilikuwa hadithi na sabuni ilipangiwa foleni, siyo sasa ambapo chini ya kliniki hii hii duka linauza dawa ya meno aina tisa, ya mistari, ya karafuu, ya watoto yenye ladha ya ndizi... Jumatatu ukaguzi, mstarini, midomo wazi, kucha mbele, Mwalimu anapita na fimbo ya mpera, na nusu ya shule ina meno ya kahawia kwa sababu maji yao wenyewe ndiyo yana madini yanayoyapaka rangi tangu jino likiwa bado ndani ya ufizi, kila Mmeru wa pale anajua kwamba hayo ni meno tu, lakini mgeni ataona nini, mgeni aliona uchafu, "Nyinyi wote wa meno machafu, mtoni, mchanga, sugueni mpaka yang'ae!" na walisugua, Mungu wangu, walisugua, mchanga wa mtoni ule mweusi wa mlima, damu ikadondoka kwenye maji, na meno yakarudi mstarini na rangi yake ileile, wakachapwa tena kwa uvivu. Yeye Elihuruma alikuwa anasugua kidogo na kujifanya. Anaeli hakujua kujifanya. Anaeli aliamini. Alisugua shuleni, akasugua nyumbani, darasa la tano akaanza kujificha migombani kila Jumatatu, kisha na Jumanne, kisha shule ikaisha hivyo, lakini mchanga hakuuacha, alfajiri mtoni peke yake mpaka akawa msichana mkubwa, na leo ana miaka thelathini na mmoja, mizizi iko nje, fizi zimekwisha, kwenye picha ya harusi yake ameziba mdomo kwa mkono, bibi harusi gani anaziba mdomo... Hasira ilimpanda, akaihisi kwenye vidole, akalegeza shashi upesi asije akaibinya fizi ya mwanamke wa watu.

"Daktari, imetoka kwenye baridi, niifungue au niirudishe?" Subiri, Paskalina, subiri... kwa sababu dakika ishirini zilizopita, ganzi ikisubiriwa ikolee, Mwalimu alisema bila kuulizwa, "Nina mtoto, Sia, nilimzaa tukiwa nyumba ya walimu kule Maji ya Chai, meno yake yakaota na madoa, nikamsugua mchanga mpaka akavuja damu, daktari, mwanangu wa kumzaa, ndipo akaja bwana mmoja wa maji akatuambia ni maji," naye akajibu nini, akajibu, "Fungua mdomo, mama," kwa sababu alikuwa nyuma ya barakoa, siku zote yuko nyuma ya barakoa, daktari wa meno mwenye meno ya kahawia ni sawa na kinyozi mwenye chawa, wateja wangehamia kwingine... na sasa, je, ampake? Ampake, halafu avue barakoa, acheke kwa meno yote, mimi ni mwanafunzi wako wa mstari wa mbele, Mwalimu, nimekupa dawa ambayo Arusha nzima haina, naye machozi yatamtoka, atasema umekuwa mtu mwema, Elihuruma, na hapo hapo akaona aibu mpaka masikio yakamwaka, kwa sababu aliiona wazi hiyo picha ni nini, ni yeye yuleyule mstarini Jumatatu, mdomo wazi, akingoja aambiwe yeye ni safi, na ili apate hilo angechukua cha Anaeli. Kumnyima kwa chuki hapana. Kumpa kwa sifa, hapana pia. Kushona kwa kawaida ndiko alikokubaliana na Mwalimu tangu mwanzo, kidonda kitafunga, kitachelewa kidogo, maji ya chumvi, kumfuatilia kwa karibu, wangapi amewashona hivyo na meno yao yapo.

Akainua shashi aangalie, damu bado, akanyoosha mkono apate nyingine, na katika mwanya huo mdogo Mwalimu akasema, ulimi mzito kwa ganzi lakini kila neno likisikika, "Elihuruma. Yule mdogo wako, Anaeli. Yupo?" Mkono ukasimama hewani. Cheti. Cheti chake cha udaktari kiko ukutani mbele ya kiti, alikitundika hapo mwenyewe ili wagonjwa wakisome wakimsubiri, jina lote kwa herufi kubwa, na huyu ndiye aliyeliita jina hilo kila asubuhi kwa miaka mitatu, barakoa ingemficha nini... "Nilikujua tangu siku ya kwanza nilipokuja hapa," Mwalimu alisema, akitazama dari. "Nimekosa pa kuanzia. Mwambie..." Damu ikajaa, ikabidi amzibe kwa shashi mpya, akambonyeza taratibu, taratibu kuliko alivyombonyeza mara ya kwanza.

"Yupo, Mwalimu. Alhamisi saa nne atakuwa hapa kutibiwa. Na wewe uje Alhamisi nikukague kidonda, utamwambia mwenyewe." Mwalimu akafumba macho, machozi yakateremka kuelekea masikioni, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa imeshika kiti. "Paskalina," alisema Elihuruma, "irudishe kwenye friji. Andika juu, Anaeli." Mlango wa friji ukafungwa, naye akatazama saa, akaanza kuhesabu dakika tatu upya.