Sare za Kwaya

Pasikali, mwalimu wa kwaya pale Kasulu, ndiye aliyekabidhiwa pesa za vitenge vya sare azitunze kwenye simu yake. Nani angemshuku mtu anayewafundisha wenzake kumsifu Mungu? Zote akazimalizia kwenye mchezo wa simu wa Kijapani, ule wa kununua maboksi yaliyofungwa huku ukiomba atoke shujaa mwenye upanga wa moto. Hatimaye alitoka. Mzuri kweli kweli, ila shujaa havaliki.

Asubuhi moja akapiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wake kuulizia kurudishiwa pesa, akaweka spika maana sikioni ilikuwa haisikiki.

"Kama aliyenunua ni mtoto, bila ruhusa, wenye mchezo wanarudisha pesa," alisema dada wa huduma. "Kama ni mtu mzima, baba, hapo imekula kwako."

"Ni mtoto," akasema Pasikali.

"Basi naomba niongee naye."

Irakoze, bintiye wa darasa la sita, alikuwa palepale mkekani akichambua maharage, na yote alikuwa ameyasikia. Aliinuka, akajifuta mikono, akaichukua simu.

"Shikamoo dada. Ni mimi. Naomba unisamehe."

Kisha akapiga goti, akamrudishia baba yake simu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mama yake alivyomfundisha. Pasikali aliipokea akitazama ukuta.

"Baba," Irakoze akamuuliza taratibu, "na kwenye kwaya nako niseme ni mimi?"