Vinanda Vinavyorudi

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo lililomfunga Arzina miguu. Baba yake, mzee Jalaludin, alilitamka siku ya Idi mbele ya ukoo mzima, pilau bado mdomoni: "Kinanda cha mwisho kikitoka mlangoni mwa duka, na wewe toka, mwanangu. Sitakuzuia." Watu wakashangilia kwamba leo mzee kalegea. Arzina naye, masikini ya Mungu, akashangilia. Hiyo ilikuwa Idi ya mwaka juzi.

Atoke aende wapi? Calgary, mbali huko magharibi ya Kanada. Hospitali moja ya huko ilikuwa imempa kazi ya maabara, kazi aliyoisomea jioni baada ya kufunga duka, macho mekundu, miaka nenda miaka rudi. Walikwisha kumsogezea tarehe mbele zaidi ya mara moja. Safari hii walimwambia wazi: usipofika kufikia mwezi wa tatu, tunampa mwingine. Na sasa ilikuwa Februari ya mwaka tisini na sita, na Arzina kashavuka arobaini. Akiikosa hii, basi tena.

Utasema, si mtu mzima huyu, si apande ndege aende zake? Haya, sema. Wewe hukulelewa na Jalaludin. Mama alifariki, kaka mtu Amyn kaoa, yuko zake Vancouver. Nani alibaki kumpikia mzee, kumjibia simu, kumfagilia theluji? Kuondoka bila ruhusa kungekuwa kumtupa, na Arzina hakuwa na moyo wa kumtupa mtu. Alitaka kutoka na baraka, na baraka zenyewe mzee kazifungia ndani ya vinanda.

Vinanda gani? Harmoniamu, ndugu yangu. Vile vya kukaa navyo chini, mkono mmoja unavuta mivukuto kwa nyuma, mwingine unacheza. Duka lilikuwa Parkdale, mashariki ya nchi hiyo hiyo, upande wa barabara ya Queen, tramu ikipita vioo vinatetemeka. Ndani vilipangwa ukutani hadi darini, vyeusi, vya kahawia, vingine vimechongwa maua, karibu vyote vya kabla ya vita vya kwanza. Harufu ya gundi na ngozi ya mbuzi iliingia mpaka kwenye nywele. Arzina aliichukia harufu ile. Usiku aliiosha, asubuhi akaivaa tena.

Na usidhani havikuuzika. Viliuzika sana! Wanafunzi wa yoga, mahekalu, makanisa, watu wa filamu wanaotaka kitu cha kale cha kuweka nyuma ya mwigizaji. Kuuza hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa desturi ya babu.

Babu Ghulamabbas alifungua duka Tanga enzi za Mdachi, meli zikimletea vinanda kutoka Hamburg na Bombay. Joto la pwani lilikula gundi, ngozi zikapasuka, na wenye maduka wengine walikuwa wakikuuzia leo, kesho hawakujui. Yeye akatangaza: chombo kilichotoka kwangu ukikichoka, kirudishe. Uje wewe, aje mjukuu wako, kitapokewa bila maswali. Hapo ndipo alipowabwaga wenzake. Wamisheni, makarani, wapigaji wa harusini, wote mbio kwa Ghulamabbas.

Basi familia ilipohamia Kanada, wateja nao wakahamia, na vinanda vyao ndani ya makasha. Wazee wakafa mmoja mmoja. Watoto wao, wanaokaa huko juu kwenye maghorofa ya Etobicoke, hawajui hata kuvishika, na sebule haina nafasi. Wavipeleke wapi? Kwa Jalaludin! Arzina akiuza kimoja Jumatatu, Ijumaa mtu anapiga hodi na kingine, kimefungwa shuka. Mzee anakipokea kwa mikono miwili, anakipangusa, anakiambia, "Karibu nyumbani." Kila Arzina akiisikia hiyo karibu nyumbani, roho ilimshuka mpaka kwenye nyayo.

Lakini majira yale ya baridi alijifunga kibwebwe. Aliuza kama mtu aliyepandwa na wazimu. Alipunguza bei, alivipeleka mwenyewe kwa gari mpaka Hamilton, hata yoga yenyewe akajifanya anaielewa. Theluji nayo ikamsaidia, warudishaji wakapungua. Hadi ikafika Alhamisi moja, ukuta mweupe, rafu tupu, kimebaki kimoja peke yake. Mzee alikuwa chumba cha nyuma akigongagonga vyombo vyake.

Asubuhi hiyo akaingia Goretti. Huyu alikuwa Mrundi, mwanamke wa makamo, siku za kazi anatunza wazee majumbani, Jumapili anaongoza kwaya ya kanisa lao kule Downsview. Alikwisha kuja mara kadhaa kukitazama kile kinanda na kuondoka. Leo alikuja na kitenge cha kukibebea.

"Dada Arzina, kwaya imekubali. Nimekuja kuchukua mtoto wetu."

Kidogo Arzina amkumbatie. Alimpa kwa bei ya kutupa, wakakilaza juu ya kitenge, wakasaidiana kukifunga. Goretti akikaza fundo akauliza kwa adabu zake zote, "Na kama kitatushinda? Wameniambia hapa munapokea."

Hapo sasa. Tangu Tanga, hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kulijibu swali hilo ila kwa namna moja. Arzina akatupa jicho chumba cha nyuma, akateremsha sauti. "Tulikuwa tunapokea. Sasa basi. Kikiwashinda, mpeni mwingine." Uso ulimuwaka kwa aibu. Na chini ya ile aibu ilikuwapo furaha, furaha tele, nusura acheke.

Goretti hajainua mzigo, mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia Rehmatbai, mjane wa mteja wao wa zamani Jafferali, theluji mabegani, anahema, anakokota kigari chake cha kwendea sokoni. Ndani ya kigari, kitu cha pembe nne kimefungwa shuka.

"Ya Ali Madad, binti. Nishikie, mgongo unaniua."

Arzina hakushika. "Masi, hapana. Tafadhali. Leo hapana."

"Leo hapana vipi? Si baba yako kanipigia simu jana, na juzi, na siku ya nyuma yake? Mimi wala sikutaka kukirudisha! Cha marehemu hiki, nakiweka dirishani nakitazama, nanywa chai yangu. Kanisihi, Rehmat dada yangu kilete, duka limekuwa jeupe. Mwanamume mzima ananililia kwenye simu! Ningefanyaje? Na sikupigiwa mimi tu. Kampigia Sultanali, kampigia na wale wa ghorofa ya juu yangu, kile chao walichorudisha mwaka jana..."

Masikio ya Arzina yaliziba. Kule nyuma kugonga kulikuwa kumekoma. Mzee Jalaludin amesimama mlangoni, brashi ya gundi mkononi, gundi inamdondokea kwenye kiatu.

"Bapa. Ni wewe?"

Hakukana. "Baadhi yao," akasema. Kisha akasema, "Wengi."

"Ala! Miaka miwili, Bapa! Mimi navitoa mlangoni, wewe unaviita kwa simu! Mbele ya watu ukala kiapo, halafu unanizungusha kama mtoto mdogo?" Arzina alipiga meza kwa kiganja. "Nimechoka na wewe. Umesikia? Nimechoka nawe, sina hata pa kuiweka hiyo hasira!"

Goretti akatazama viatu vyake.

"Naogopa kubaki peke yangu," mzee akasema. Alilisema kama mtu anayekiri kuiba.

"Sasa si ungeniambia hivyo? Neno hilo tu, Bapa. Kwa nini hukuniomba nibaki?"

"Ningekuomba, ungebaki?"

Uongo wa huruma ulikuwa tayari ulimini mwa Arzina, mtamu, laini, wa kumaliza mambo. Akimwambia ndiyo, mzee angelala vizuri leo. Angelala vizuri kesho pia. Na mwezi wa tatu ungefika na kupita, na yeye yuko hapa hapa anapangusa vumbi. Alimpenda baba yake. Alimpenda sana, na bado alitaka kwenda.

"Hapana, Bapa. Ningekwenda."

"Ndiyo maana sikukuomba," mzee akasema.

Rehmatbai akakigeuza kigari chake taratibu. "Basi mimi narudi na changu," akanong'ona, akamtazama mzee, labda atamzuia. Mzee hakumzuia. Alimfungulia mlango.

Goretti akabaki na furushi lake, hajui aweke wapi macho. "Na hiki, mzee?"

Jalaludin alikisogelea kinanda, akaweka mkono juu ya kitenge. Lakini hakuwa anakizuia. Alikuwa anakaza fundo, maana wanawake wale hawakulikaza sawasawa.

"Nenda nacho, mama. Kikikushinda, utamkuta nani hapa? Utanikuta mimi. Nenda."

Goretti akatoka. Tramu ikapita, vioo vikatetemeka, na safari hii hapakuwa na kinanda hata kimoja cha kuunguruma navyo. Mzee akakaa kwenye kigoda, akaanza kujifuta gundi kiatuni kwa kitambaa, anafuta, anafuta, hata pasipo na gundi.

"Arzina."

"Naam, Bapa."

"Kutoka hapa kwenda jamatkhana, ni basi gani?"

Tangu aingie Kanada mzee yule hakuwahi kupanda basi. Kila jioni, wakienda huko kusali, alikaa kiti cha mbele cha gari la bintiye, mikono mapajani, na bintiye akaendesha. Arzina akafungua mdomo amjibu, akakuta hajui. Hakuwahi kuhitaji kujua. "Sijui, Bapa," akasema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha kwikwi, hadi akashika meza.

Mzee alimwacha alie. Kisha akainuka, akachukua koti la binti yake msumarini, akamshikia avae.

"Basi twende tukaulize," akasema.