Opereta wa Safu ya Mbele

Kazi ya opereta wa simu ilikuwa kuwakutanisha watu kisha kujitoa. Taa ikiwaka ubaoni, unachomeka waya, unauliza "Namba gani?", unachomeka wa pili, unafunga swichi yako, unawaacha na mambo yao. Wanawake tisa walikaa mstari mmoja kwenye viti virefu, hedifoni zimewabana masikio, na msimamizi akipita nyuma yao huku viatu vikimlia ko-ko-ko. Kusikiliza maongezi ya wateja kulikuwa marufuku, na marufuku hiyo ilibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu. Opereta wa kiti cha saba aliivunja kwa ajili ya mdogo wake.

Mdogo wake alichonga vyuma kwenye karakana ya reli. Wenzake walimwita Tindo, kwa kuwa alikuwa mwembamba na ulimi wake ulikata. Wazazi waliwatoka akiwa na miaka minane, dada mtu akamlea, akamsomesha, akafikia hata kukataa posa mbili ili asimwachie mtu mwingine mzigo huo. Kwa hiyo Tindo alipoanza kuhudhuria masomo ya Mhadhiri, alimwambia dada yake kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Mhadhiri alikuwa amefukuzwa chuoni kwa kufundisha ambayo hakutumwa. Sasa aliwakusanya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi na wa reli kwenye kantini ya kiwanda, baada ya zamu, akiwasomea mikataba yao wenyewe mstari kwa mstari. Mama Kantini, mwenye mahali pale, mwanamke mpana asiyejua kunong'ona, aliwapa chai na kuwaambia wakimaliza kupindua dunia wamrudishie vikombe. Mhadhiri alikuwa na sauti laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale, na kila alipotaka kukata shauri alianza na "Kwa hiyo basi". Watu wazima walitoka pale macho yamewatoka, kana kwamba wamefumbuliwa jana.

Kisha kiwanda cha nyuzi kikagoma. Siku ya tano polisi walifyatua risasi getini, wakafa wagomaji wanne. Wanafunzi wa Mhadhiri waliporudi kutoka kuzika, hakuna aliyefungua tena kitabu. Darasa likageuka kuwa Safu ya Mbele.

Mwanzoni mji mzima uliwashangilia. Walivamia kituo kidogo cha polisi wakaondoka na bunduki kumi na mbili bila kumkwaruza mtu. Askari wanne walikutwa wamefungiwa mahabusu yao wenyewe, ufunguo umetundikwa nje. Watu walicheka hadi mbavu zikauma. Wiki iliyofuata waliteka lori la unga na sukari, wakagawa mtaa kwa mtaa mchana kweupe. Aliyewapa saa ya lori kuondoka ghalani alikuwa opereta. Aliacha swichi wazi, akasikiliza, akameza maneno, na baada ya zamu akamtemea Tindo yote. Usingizi ulimpaa tangu siku hiyo. Kila msimamizi alipopita, mgongo wake ulikakamaa. Lakini mitaani watu walipoitaja Safu, alijiinamia asije akaonekana akitabasamu.

Mambo yaliharibika kwenye ofisi ya kazi ya serikali. Bomu lilitegwa siku ya mapumziko, jengo likiwa tupu. Halikuwa tupu. Mfagiaji alikuwa ameingia kumalizia ngazi za ghorofa ya pili.

"Yule naye alikuwa bepari?" opereta alimuuliza mdogo wake, wamesimama jikoni kwake, hakuna aliyekumbuka kukaa.

"Dada, ilikuwa bahati mbaya. Mhadhiri amesema tutatoa tamko."

"Tamko litamalizia ngazi?"

Tindo alipiga meza konde, akatoka bila kuaga. Hakuwa amewahi kutoka bila kuaga.

Baada ya hapo mitaa ikanyamaza. Milango iliyokuwa ikifunguliwa kwa ishara sasa ilibaki imefungwa. Nyumba tatu za Safu zilivamiwa ndani ya wiki moja, na waliosalia wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Nani anatuuza? Mtu mmoja akasema amemwona Mama Kantini akicheka na ofisa wa polisi mlangoni kwake. Ofisa yule alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pili, na kila mtu alijua. Sasa hakuna aliyetaka kujua.

Opereta hakuambiwa lolote kuhusu hilo. Alhamisi ile, saa tisa na dakika ishirini za mchana, taa iliwaka ubaoni, simu ya hoteli moja. Akachomeka waya.

"Namba gani?"

"Kwa hiyo basi, dada, niunganishe na makao makuu ya polisi. Ofisi ya mkuu mwenyewe."

 Opereta alimjua Mhadhiri, Mhadhiri hakumjua yeye. Mkono ulichomeka waya wa pili wenyewe, kwa mazoea, na swichi akaiacha wazi.

"Pasipoti mbili, yangu na ya mke wangu," sauti ilisema, laini vilevile. "Waliobaki watakuwa nyuma ya duka la dobi saa kumi. Wote. Wana shughuli ya kummaliza mama mmoja, hawatakuwa na macho ya nje."

Opereta alivua hedifoni.

"Unakwenda wapi?" msimamizi aliuliza.

"Tumbo."

"Tumbo gani hilo lisilosubiri saa moja?"

Alikwisha kufika kwenye ngazi. Alikimbia mitaa sita akiwa na viatu mkononi, watu wakimpisha wakidhani amefiwa.

Dobi alikuwa amekimbia duka lake. Chumba cha nyuma kilijaa mvuke na harufu ya sabuni. Mama Kantini alikuwa amekalishwa juu ya furushi la mashuka, mikono imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Mbele yake walisimama dereva mmoja wa malori aliyekuwa mwanachama wa Safu tangu mwanzo na wanaume wengine wawili. Mwenye bastola alikuwa Tindo.

"Nimewalisha miaka miwili," Mama Kantini alikuwa akisema kwa sauti yake ileile ya kantini. "Ningetaka kuwamaliza ningetumia mwiko!"

"Mwacheni!" Opereta alishika mwimo wa mlango, pumzi zikimkatika. Akawaambia alichosikia, neno kwa neno, pasipoti na yote.

"Uongo," dereva alisema. "Hukumu hii kaitoa Mhadhiri mwenyewe."

"Yuko wapi sasa?"

"Anakuja."

"Haji. Tindo, nimewahi kukudanganya?"

Tindo alimtazama, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Akachukua kisu, akakata kamba. Dereva na wale wawili waliruka ukuta wa nyuma. Risasi zilisikika huko muda mfupi baadaye, na dereva hakuinuka tena. Tindo aliwabebesha dada yake na Mama Kantini mafurushi ya nguo safi.

"Tokeni mbele kama wateja. Msikimbie."

"Na wewe?"

"Wakikuta chumba kitupu, watawafuata."

Walipita katikati ya askari, mashuka yamewafika kidevuni. Nyuma yao opereta alisikia sauti ya mdogo wake ikitangaza: yuko peke yake, anatoka, mikono iko juu.

Miezi mitatu baadaye Safu ya Mbele haikuwepo. Wengine walijisalimisha, wengine waliuawa vichochoroni. Mhadhiri alipanda ndege na mkewe. Opereta alifukuzwa kazi kwa kuacha ubao bila ruhusa. Kosa lake kubwa halikujulikana. Mama Kantini alimchukua, akampa kazi ya kuosha vyombo, kisha ya kupika. Tindo alifungwa miaka tisa.

Alipotoka alikuja kukaa kwa dada yake. Hakuweza kutulia. Alizunguka chumba, akafungua dirisha, akalifunga, akasimama mlangoni akihesabu wapita njia. Siku moja, akimenya viazi, dada yake aliuliza swali lililomkaba miaka yote hiyo.

"Ningechelewa siku ile, ungempiga risasi Mama Kantini?"

Tindo alisimama katikati ya chumba.

"Ndiyo," alisema. "Ningefyatua nikifika tatu. Nilikuwa nimeshahesabu moja."

Opereta aliweka kisu chini. Alimtazama mtoto aliyemlea, mwanamume mwenye mvi sasa, akikwepa macho yake. Alitaka kumwambia akae. Badala yake aliinuka yeye pia, akaenda dirishani, akasimama pale.