Mkalimani wa Nalasopara

Kumud alikuwa na pini mdomoni simu ilipolia, akaitika kwa kuguna.

"Shemeji, hujambo? Ni mimi Behram, wa sauti. Hebu mwambie bwana mkubwa wako aharakishe. Mitambo imeshawaka, chai imeshapoa, dunia nzima inamngoja yeye."

Kumud akazitema pini kiganjani. "Katoka kitambo, kaka. Maji ya bomba ya asubuhi yalikuwa hayajakatika."

"Basi ni hizi treni zetu. Akifika nitamvuta masikio."

Wakacheka wote wawili. Kumud akairudia sari iliyokuwa imemfunika mapaja. Kazi yake ilikuwa kushonea sari za watu ukanda wa ndani, ule unaopita kwenye pindo la chini ili sari ining'inie vizuri na isiliwe na visigino. Mshono ukiwa mzuri hauonekani. Anayevaa hujisikia kanyooka, anayetazama husema sari hii nzuri, wala hakuna anayeuliza kilichoko ndani. Mumewe, Dattaram, alizoea kumtania, "Mimi na wewe tuna kazi moja, Kumud. Tofauti ni kwamba wewe wanakuita tena."

Behram alipiga tena, safari hii bila mzaha. Baadaye akaja askari wa reli na jirani, na jirani ndiye aliyeanza kulia, ndipo Kumud akajua.

Dattaram Parab hakuwa amepanda treni yoyote. Alikuwa ameketi kwenye benchi katika stesheni yao ya Nalasopara, mfuko wa chakula mapajani, kidevu kifuani. Moyo wake ulisimama hapo hapo, watu wakimpita na kuikwepa miguu yake, kila mmoja akidhani kwamba naye anasubiri.

Maisha yake yote ya filamu, Dattaram alikuwa mtu wa nyuma. Alikuwa maiti, mhudumu wa hoteli, polisi wa safu ya tatu, mgeni wa harusi anayekula. Kisha Bwana Lalwani, mwongozaji wa vichekesho, akatengeneza filamu ya kuwacheka wakubwa wa dunia. Marais na mawaziri wakuu wa nchi za kubuni walikutana kugombania bahari, na katikati yao alihitajika mkalimani. Dattaram akasimamishwa hapo kwa sababu koti lilimtosha. Rais mmoja akitukana, mkalimani hulainisha tusi likawa sifa, na hivyo ndivyo vita vilivyoepukwa. Alisema maneno machache mno, lakini watu walitoka sinemani wakimwiga yeye.

Ikaja sehemu ya pili. Safari hii wakubwa walikutana kugawana mwezi. Rais wa nchi kubwa kuliko zote alikuwa na kitufe chekundu ambacho kila mtu alikiogopa, kumbe kikibonyezwa huleta chai. Karibu na mwisho, mkalimani huchoka. Anavua vile vidude vya masikioni, anasimama, na kwa mara ya kwanza anasema ya kwake mwenyewe. Wakubwa wananyamaza. Rais mwenye kitufe analia.

Hotuba hiyo Dattaram aliisubiri kama mtu anayesubiri mtoto. Kumud alimshonea koti jipya la kijivu, akalitia bitana ya hariri iliyobaki kwenye sari ya bibi harusi mmoja. Picha zilikwisha kupigwa. Kilichobaki ni sauti tu, kwa maana katika filamu za Lalwani sauti hutiwa baadaye, mwigizaji akiwa amefungiwa chumbani peke yake na picha yake. Alikuwa akienda kutia sauti siku aliyokaa kwenye benchi.

Siku ya kumi walikwenda mtoni kumpa marehemu tonge la wali. Mambo hayo kila mtu anayajua: tonge huwekwa juu ya jani, watu husogea kando, kunguru akija kulidonoa basi marehemu ametosheka. Asipokuja, kuna jambo limebaki.

Kunguru alikuwapo, tena mmoja mnene, juu ya ukuta. Alilitazama tonge. Akawageuzia mgongo.

"Kaka," akaita Suryakant, mdogo wake Dattaram, mikono imefumbatwa, "shemeji tutamtunza! Hatalala njaa hata siku moja!"

Kunguru akajikuna.

"Kaka, na ule ugomvi wetu wa ukuta wa kijijini, umekwisha! Ukuta ni wako!"

"Sasa ukuta ataupeleka wapi?" shangazi mmoja akanong'ona. "Mpe sigara. Huyu alikuwa mtu wa sigara."

Sigara ikawekwa kando ya tonge. Kunguru akaitazama kwa jicho moja, akatulia. Jua likapanda. Watu wakaanza kuangaliana, na kuhani akasema taratibu kwamba wapo wanaotengeneza kunguru wa majani wakamgusisha tonge, si dhambi.

Ndipo Kumud akasogea mbele. Hakuipaza sauti. "Ile hotuba yako," akasema, "itasikika kwa sauti yako. Yako mwenyewe, si ya mtu mwingine. Nimekuahidi."

Kunguru akaruka chini, akadonoa, akaondoka na tonge zima.

Shangazi akapiga makofi. Suryakant akalia kwa kuona amepokelewa mzigo. Kumud peke yake ndiye aliyebaki akilitazama lile jani tupu, akijiuliza amesema nini.

Alimkuta Lalwani katika chumba cha sauti huko Andheri, pamoja na Behram na kijana mwembamba aliyeinuka upesi na kumgusa miguu kwa heshima. Jina lake Hemang. Alikuwa hodari wa kuiga sauti. Katika hafla za harusi aliweza kukuletea mashujaa wote wa sinema kwa zamu, na mbwa wao. Alikuwa ameitwa awe sauti ya Dattaram.

"Kaa, shemeji," Lalwani akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Sema lolote."

Akasema. Alipofika kwenye kunguru, Lalwani akaacha kuichezea kalamu yake.

"Angekuwa amekuja mtu mwingine na maneno haya ningemfukuza," akasema. "Mama yangu naye kunguru alimkatalia mpaka jioni. Lakini sauti tuliyonayo ni ile ya siku ya kupiga picha. Ile ni ya kushikiza tu, shemeji, kama mshono wa muda. Kuna jenereta ndani yake. Kuna kunguru wa studio, wamejaa."

"Nami nasikia jenereta kila siku. Niwekeeni."

"Shemeji," Behram akaanza. Alikuwa Mparsi mzee, mwepesi wa matusi, lakini sasa alikuwa anaifuta miwani iliyokuwa safi. "Usiisikilize. Mkumbuke vile unavyomkumbuka."

"Kaka Behram, weka."

Akaweka. Taa zikapunguzwa, na Dattaram akatokea ukutani katika koti lake la kijivu, akavua vidude vya masikioni, akasimama. Alikuwa mzuri. Kumud hakuwa amewahi kumwona hivyo: mkono umetulia mezani, macho yakipita juu ya wakubwa mmoja mmoja kama ya mtu anayewasamehe. Akafungua kinywa.

"Churchgate," akasema, kwa uchungu mkubwa. "Marine Lines. Charni Road!" Akapiga meza. "Grant Road..."

Hemang akacheka, kisha akajiziba mdomo.

Zilikuwa stesheni za treni. Moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake, toka mjini hadi huko kwao kaskazini. Dadar aliitaja kama mtu anayeituhumu. Bandra aliibembeleza. Alipofika Borivali sauti ilimkatika, na rais mwenye kitufe akatoa kitambaa akalia machozi ya kweli. Jenereta lilinguruma chini yake, na kunguru walimjibu toka juu ya bati.

"Hotuba ilikuwa haijaandikwa," Lalwani akasema gizani. "Mtunzi wetu kila akibuni upuuzi, asubuhi magazeti yanasema wakubwa wenyewe wameshaufanya. Akaniambia tungoje hadi mwisho. Mimi nikamwambia Dattaram, wewe tikisa midomo, sema chochote, maneno utayatia baadaye. Ila usisahau uchungu."

"Mira Road," Dattaram akasema. "Bhayandar. Naigaon." Akavuta pumzi. "Vasai..."

"Kata!" sauti ya Lalwani ikapiga kelele ndani ya filamu. Picha ikazimika, lakini sauti ikaendelea kidogo, ya chini, ya nyumbani: "Nalasopara. Mke wangu, nimeshuka." Watu wakacheka. Kunguru mmoja akalia. Kimya.

Kumud hakuwa na machozi. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Yaacheni hivyo hivyo," akasema.

"Shemeji, haiwezekani."

"Kwa nini? Ndiyo hotuba yake."

"Dunia nzima imenyamaza kumsikiliza mkalimani, halafu awatajie stesheni?"

"Kwani hao wakubwa wenu wanasema nini cha maana?"

Behram akapasuka kicheko, akakohoa, akasema, "Lalwani, haki ya Mungu, huyu mwanamke ndiye angekuandikia filamu." Na Lalwani mwenyewe akasimama katikati ya chumba, kidole mdomoni, na kwa muda mfupi kila mtu aliona jambo hilo likimwingia. Akatoka nje kumpigia mwenye filamu. Walimsikia akienda na kurudi barazani. Mwanzoni alikuwa akieleza na kucheka. Kisha alikuwa akieleza tu. Kisha alikuwa akisema ndiyo, ndiyo, naelewa.

Aliporudi hakukaa. Nyota wa filamu, yule rais mwenye kitufe, alikwisha kupigwa picha akiijibu hotuba: husema amekubali mwezi uwe wa watoto wote. Hawezi kuwa anaijibu Borivali. Na nyota yuko ng'ambo, hatarudi kwa sababu ya mkalimani.

"Ningekuwa na uwezo," Lalwani akasema.

"Najua, bwana."

"Sivyo, shemeji, ningekuwa na uwezo kweli..."

"Najua."

Hemang akamsindikiza hadi ngazini. "Mama, nitajitahidi," akasema. "Nitamwiga hadi usijue si yeye."

Kumud akamtazama kijana huyu ambaye hakuwa na kosa lolote. "Fanya kazi yako vizuri, baba," akamwambia. Hakuweza kumwambia asifanye.

Aliomba kitu kimoja tu, kwa Behram: amnakilie ile sauti kwenye kaseti. Nyumbani hakukuwa na sauti ya Dattaram popote. Nani humrekodi mtu anayelala naye chumba kimoja? Behram akaapa kwa moto mtakatifu wa dini yake. Lakini kulikuwa na ruhusa ya kuombwa, kisha mwenye ruhusa alikuwa na harusi ya binti yake, na tepu za studio ile hazikai bure. Siku Behram alipokwenda kabatini, tepu hiyo ilikuwa imeshatumika kurekodia mchezo wa televisheni wa miungu. Alikuja mwenyewe mpaka Nalasopara kumwambia, na keki ya maziwa mazito aliyoisahau mkononi.

"Niliisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, shemeji. Nilidhani pengine chini, kwa chini... Hakuna. Ni miungu watupu, wanapigana."

Kumud akamchemshia chai.

Filamu ilitoka wakati wa sikukuu ya taa. Jirani yake Mangala hakukubali kukataliwa. Akawakusanya wanawake wa jengo zima, wakajaza safu mbili za sinema ya Vasai. Dattaram alipotokea walipiga vigelegele. Mkalimani aliposimama na kuanza kusema, sauti iliyotoka ilikuwa ya Dattaram karibu kabisa, ile ya puani kidogo, na maneno yalikuwa mazuri. Alisema kwamba aliyekaa katikati ya wakubwa wawili husikia matusi yote mara mbili. Alisema mwezi hauna lugha. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, na nyuma yao mwanamume mmoja akapenga kamasi.

"Sikia anavyosema!" Mangala akambana mkono. "Dada, sikia!"

Kumud alikuwa hasikii. Alikuwa anaitazama midomo. Pale sauti iliposema mwezi, midomo ilisema Malad. Pale iliposema watoto, ilisema Dahisar. Alisafiri nayo, kituo kwa kituo, katikati ya watu waliokuwa wakilia kwa jambo lingine. Bhayandar. Naigaon. Kisha picha ikahamia kwenye uso wa rais, mkubwa kama nyumba, na haikurudi tena.

Katika siku za kuwalisha marehemu mwaka uliofuata, aliweka wali juu ya paa kama wengine. Alisimama kando akingoja akataliwe. Kunguru akaja mara moja, akala wote, akapangusa mdomo ukingoni mwa paa. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kama kunguru angelikataa, Kumud angelijua Dattaram bado anamdai.

Siku hizi televisheni huirudia filamu hiyo Jumapili mchana. Watoto wa jengo humwita toka ngazini, "Shangazi, mjomba yuko kwenye runinga!" naye huja, huiondoa sauti, huketi na sari yake mapajani, sindano ikienda.

Sehemu ya tatu wameanza kuipiga picha. Mkalimani ni Hemang. Wamempa koti lile lile la kijivu, lakini yeye ni mwembamba, lilimpwaya mabegani, kwa hiyo studio ikalipeleka Nalasopara. Kumud amefumua mishono ya begani, amelipunguza bega la kulia na la kushoto, ameirudisha bitana ya hariri mahali pake, mshono usionekane. Jumatatu watakuja kulichukua.